Kashata za Idi

Daktari alipotuambia kwamba mwana wetu ana mzio wa karanga, la kwanza lililotujia moyoni ni kashata za Idi. Tutamwambiaje bibi yake, ambaye mapenzi yake yote huyatia katika sinia lile?

Mzio si udekaji. Mwili hukidhania chakula kuwa ni adui, ukapigana nacho: ngozi hutoka mabaka ya kuwasha, midomo ikafura, na pumzi zikaweza kuziba. Hata chembe iliyobaki kijikoni yaweza kudhuru. Basi neno "kidogo tu" tumelitoa nyumbani mwetu.

Bibi tulimwendea kwa adabu, tukamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwaka huu kashata ni za nazi tupu, na sufuria ni mpya."

Enyi wazazi, waelezeni jamaa, majirani na mwalimu wa chuoni. Pumzi zikimbana mtoto, achomwe upesi pajani sindano ya adrenalini aliyoandikiwa, kisha apelekwe hospitali, hata akionekana amepoa. Kumzuilia kinachomdhuru si kumnyima. Ni kuihifadhi amana tuliyopewa na Mwenyezi Mungu.