Damu kwenye choo usiiite "bawasiri tu"

Wafanyabiashara wa mtandaoni, leo tuweke pembeni bei na picha za bidhaa.

Tuseme upo Mkolani, unauza vitenge WhatsApp. Asubuhi unajibu wateja, mchana unawahi stendi ya Nyegezi kutuma mzigo kwa basi. Wiki ya tatu sasa unaona damu kwenye choo. Unajiambia ni bawasiri, si nakaa sana? Au kichocho, maana huku ziwani tumekizoea. Unameza dawa, oda zinaendelea.

Inawezekana ni kweli. Shida ni kwamba saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu, na kwa macho huwezi kutofautisha. Wengine hufika hospitali utumbo umeshaanza kuziba.

Ila saratani hii haiji ghafla. Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo ndani ya utumbo, na kinaweza kuchukua miaka 10 hivi kugeuka. Kikionekana mapema daktari anakikata, biashara imeisha. Marekani mwaka 2021 walishusha umri wa kuanza kupima kutoka 50 hadi 45. Na usiseme wewe bado kijana: Chadwick Boseman, yule wa Black Panther, alifariki 2020 akiwa na miaka 43. Kama mzazi au ndugu wa tumbo moja aliugua, wahi zaidi.

Huna dalili na umri umefika? Ulizia kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo, wanachukua sampuli ndogo tu. Dalili unazo? Usiseme "tumbo linasumbua" halafu ukanyamaza. Taja damu ina muda gani, choo kimebadilikaje, kama umepungua uzito. Umeshatibiwa kichocho na damu bado ipo? Usirudie dawa ileile kimyakimya, omba rufaa. Huku kwetu hospitali kubwa ya rufaa ni Bugando. Wenye bima, ulizeni kwanza inalipia nini.

Ukipangiwa kipimo cha kamera, siku moja kabla unakunywa dawa ya kusafisha utumbo. Siku hiyo hutoki chooni, kwa hiyo usiahidi mzigo wa mtu! Ukichomwa dawa ya usingizi usiendeshe pikipiki kurudi, tafuta wa kukusindikiza. Status iweke mapema: "Jumatano na Alhamisi hatutumi mizigo. Oda tunapokea, zinatoka Ijumaa."