Pombe ya Jana, Ajali ya Leo

Ndugu msomaji, wahenga walisema kuwa majuto ni mjukuu. Mimi nusura nimpakate mjukuu huyo asubuhi moja ya muhula uliopita. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, matatu zote zilipita zikiwa zimejaa, na saa ya kuingia shuleni ilikuwa imekaribia. Nikapanda bodaboda kutoka Lanet kwenda mjini Nakuru. Kabla hata sijakaa vizuri, nikasikia harufu ya pombe.

"Kaka, umekunywa?" nilimwuliza mwendeshaji.

"Hiyo ni ya jana, dada. Nimelala, nimekunywa chai ya rangi, niko sawa kabisa."

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Siku hiyo nilimwogopa mwalimu wa zamu kuliko nilivyoiogopa barabara. Tulipoingia barabara kuu, trela lilipiga honi nyuma yetu. Mwendeshaji akashtuka, akakata kona ghafla, tukajikuta mtaroni. Namshukuru Mungu, nilichubuka goti tu na vitabu vikalowa. Lakini jambo moja liliniuma kuliko goti: nilikuwa nimejua, na bado nikapanda. Ndipo nikaanza kuuliza na kusoma. Je, pombe ya jana ni ya jana kweli?

La, hasha! Mtu akinywa pombe, huingia kwenye damu, na kazi ya kuiondoa hufanywa hasa na ini. Ini halina haraka. Chupa moja kubwa ya bia ya mililita 500 huweza kulichukua saa mbili au zaidi, kutegemea uzito na afya ya mnywaji. Sasa tupige hesabu. Mtu akianza kunywa saa mbili usiku, akamaliza chupa sita, ini lake litahitaji kama saa kumi na mbili au zaidi. Maana yake ni kwamba saa moja asubuhi, wakati sisi wanafunzi wa kutwa tunapanda pikipiki na matatu, bado ana pombe mwilini. Chai ya rangi, maji baridi, supu ya mbuzi na usingizi mfupi vitamfanya ajisikie mchangamfu, lakini haviliharakishi ini hata kidogo. Huyo ni mlevi aliyenawa uso tu.

Pombe hupunguza wepesi wa macho na akili. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 hivi kila sekunde. Dereva akichelewa kukanyaga breki kwa nusu sekunde tu, gari limeshakwenda mita 11 zaidi. Hebu fikiria mita 11 hizo kwenye mteremko wa Salgaa, malori yakiwa yamefuatana!

Sheria nayo inasemaje? Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya kinasema kuwa ni kosa kuendesha gari, kujaribu kuliendesha, au hata kuwa msimamizi wake barabarani, ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulidhibiti. Pikipiki nayo ni chombo cha moto, kwa hivyo wa bodaboda asidhani amesahauliwa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Juu ya hayo, mkosaji hunyimwa haki ya kuwa na leseni kwa miezi 12. Na yule anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, awe amelewa au hajalewa, anaweza kufungwa hadi miaka 10.

Wengi wenu mmesikia habari za Alcoblow, kile kifaa ambacho dereva hupuliza. Kanuni zake zilitungwa mwaka 2011, zikaweka kipimo cha mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Kifaa kilianza kuonekana barabarani mwishoni mwa mwaka 2013. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kuwa kanuni hizo hazikupatana na sheria yenyewe, kwani sheria inazungumzia kushindwa kudhibiti gari, ilhali kanuni zilihesabu kipimo cha pumzi tu. Watu wengine walishangilia kana kwamba ulevi umehalalishwa. Si kweli! Kifungu cha 44 kilibaki pale pale, na mwishoni mwa mwaka 2023 Alcoblow ikarudishwa barabarani.

Hata kwetu katika kaunti hii kuna mtu aliyejaribu kuziba ufa. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 huitwa na wengi "Sheria ya Mututho", kwa sababu aliyeipigania ni John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Iliamuru baa zifungwe saa tano usiku, na ikakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuuziwa pombe. Ni jambo jema. Lakini baa hufuata saa ya ukutani, nalo ini hufuata saa yake. Vilevile polisi huweka vizuizi vingi usiku. Nani atampima mtu wa bodaboda saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye njia ya udongo?

Ni sisi, ndugu msomaji. Kwanza, anayejua atakunywa aache gari au pikipiki nyumbani, na kesho yake asubiri hadi mwili usafike. Pili, wanaokwenda sherehe pamoja wamchague mmoja asiyeonja hata tone, naye ndiye ashike ufunguo. Tatu, mwenyekiti wa steji asimruhusu mwenzao anayenuka pombe abebe abiria. Nne, makanga na abiria waseme mapema, kabla gari halijaondoka. Tano, sisi wanafunzi tukisikia harufu, tusipande, na tukiwa tumeshapanda, tuombe kushuka. Walimu wetu nao, tafadhali, mwanafunzi akichelewa kwa sababu hiyo, msikilizeni kabla ya kumwadhibu.

Siku hizi mimi huamka nusu saa mapema. Wiki mbili zilizopita nilikutana na harufu ile ile steji, kwa mwendeshaji mwingine. Naye alisema ni ya jana! Nilimwambia, "Asante kaka, leo nitatembea." Nilifika nimechelewa na viatu vimejaa matope, lakini nilifika. Kawia ufike.