Je, Wajua? Namba Inayosahau: Wastani Unaosogea Kutoka Kibondo Hadi Kasulu

Wiki hii foleni ya zahanati imefika nje hadi chini ya mwembe. Wiki ijayo mabenchi yako wazi. Anayesoma namba za malaria za wilaya za Kibondo na Kasulu, Tanzania, wiki kwa wiki atapata kizunguzungu. Dawa yake ni wastani unaosogea: jumlisha wiki chache za karibuni, gawa, na wiki mpya ikiingia, ya zamani kabisa itoke. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Mitego yake ni ya watu wazima.

Je, wajua kuwa huhitaji kujumlisha upya kila wiki?
Tuseme zahanati moja imepata wagonjwa 24, 30, 18, 42, 30 na 6 kwa wiki sita mfululizo. Wastani wa wiki tatu za kwanza ni 24. Kupata unaofuata, chukua namba inayoingia (42), toa inayotoka (24), gawa kwa 3, kisha ongeza kwenye wastani wa awali: 24 na 6 ni 30. Endelea hivyo utapata 30 tena, halafu 26. Ishike hiyo 26, tutaidai mwishoni.

Je, wajua kuwa wastani unaweza kushuka bila jambo lolote jipya kutokea?
Wiki zinazohesabiwa pamoja huitwa dirisha, na dirisha hili lina milango miwili. Wiki yenye wagonjwa wengi ikitoka kwa mlango wa nyuma, mstari wa chati utainama hata kama wagonjwa wa leo ni walewale wa jana. Kabla ya kuuliza kilichoingia, uliza kilichotoka.

Je, wajua kuwa hesabu hii ilipata jina zaidi ya karne moja iliyopita?
Mwingereza R. H. Hooker aliitumia mwaka 1901 alipolinganisha idadi ya ndoa na hali ya biashara nchini mwake. Mwaka 1909 mwenzake, G. Udny Yule, akaiita wastani unaosogea, na jina likang'ang'ania.

Je, wajua namba za malaria huanzia wapi?
Kwenye vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mgonjwa wa nje huandikwa kwenye Kitabu cha 5. Mwisho wa kipindi wagonjwa huhesabiwa kwa vistari, jumla hupanda hadi wilayani na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, ambao mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990. DHIS2 ina kipengele kinachochukua namba za vipindi vilivyopita na kuzalisha namba mpya, wastani ukiwemo, ili wiki inayovuka kiwango cha kawaida ionekane.

Je, wajua kuwa kisanduku kitupu na sifuri ni vitu viwili?
Chukua wiki tatu: 20, tupu, 40. Ukisema tupu maana yake taarifa haikufika, wastani ni 30. Ukisema hakukuwa na mgonjwa, wastani ni 20. Na hapa pana shimo: DHIS2, isipoelekezwa vingine, haihifadhi sifuri. Mhudumu aliyeandika 0 kwa uaminifu na yule ambaye hakutuma chochote wanaweza kuonekana sawa.

Je, wajua kuwa mashine inaweza kukupa wastani mwingine bila kukuonya?
Kwenye lugha ya kompyuta ya SQL, hesabu za madirisha ziliingia rasmi katika kiwango cha mwaka 2003. Ukiandika AVG, amri ya wastani, na kupanga kwa tarehe, lakini ukasahau kutaja ukubwa wa dirisha, haitalalamika. Itakupa wastani wa kuanzia mwanzo wa takwimu hadi leo. Dirisha halisogei tena, linarefuka tu. Chati itatoka nyororo, ya kupendeza, na si uliyoitaka.

Je, wajua kuwa mistari saba si lazima iwe siku saba?
Ukiagiza mistari sita iliyotangulia pamoja na wa leo, programu inahesabu mistari, haijui kalenda. Kama Jumapili haikuandikwa, mstari wa saba unatoka wiki iliyopita. Tiba ni kutengeneza kwanza kalenda kamili, kila siku na mstari wake, ndipo takwimu ziunganishwe nayo. Na kwa nini saba? Kwa sababu siku saba mfululizo zina Jumatatu moja, siku ya mnada moja na Jumapili moja, hivyo pilikapilika za wiki haziyumbishi mstari.

Je, wajua kuwa Kasulu inaweza kuvujia Kibondo ndani ya kompyuta?
Panga jedwali kwa jina la wilaya: Kasulu inakwisha, Kibondo inaanza. Usipogawa hesabu kwa wilaya, kwa amri ya PARTITION BY, wiki ya kwanza ya Kibondo itabeba wiki za mwisho za Kasulu. Kosa hili halionekani kwa macho, kwa sababu jibu linalotoka bado linafanana na idadi ya wagonjwa.

Je, wajua kuwa Kibondo "ilipoteza" zaidi ya theluthi ya watu wake kwa sababu mpaka ulihama?
Sensa ya 2002 iliihesabia Kibondo watu 414,764. Ile ya 2012 ilihesabu 261,331. Walikwenda wapi? Wengi hawakutoka majumbani mwao: mwaka 2012 Kakonko ilimegwa na kuwa wilaya, ikiwa na watu 167,555. Ziunganishe, unapata 428,886. Kasulu nayo ilimzaa Buhigwe wakati huohuo. Wastani unaosogea ukipita juu ya mwaka huo bila kurekebishwa utachora ugonjwa ukipungua taratibu, kumbe kilichohama ni mpaka.

Je, wajua kuwa Kibondo na Kasulu hazina kalenda moja ya mvua?
Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huziweka Kibondo na Kakonko katika maeneo ya misimu miwili, Vuli na Masika, pamoja na ukanda wa Ziwa Victoria. Kasulu huhesabiwa kwenye mvua za Msimu, za Novemba hadi Aprili. Mbu hufuata maji, kwa hiyo dirisha linalofaa upande mmoja linaweza kudanganya upande wa pili.

Je, wajua kuwa miezi 12 hufuta msimu?
Miezi kumi na miwili mfululizo, popote unapoanzia, ina Januari moja, Aprili moja na Novemba moja. Mawimbi ya mvua yanakufa na mwelekeo wa miaka unabaki. Tatizo ni kwamba 12 haina mwezi wa katikati. Mafundi huchukua wastani wa madirisha mawili yaliyopishana mwezi mmoja, ili namba ikae juu ya mwezi halisi.

Je, wajua kuwa wastani huu hufika msibani wakati watu wanakunja mikeka?
Wagonjwa wakiruka ghafla kutoka 100 hadi 200 kwa wiki, wastani wa wiki nne utasema 125, kisha 150, kisha 175, na wiki ya nne ndipo 200. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipovuka mpaka kwa maelfu, kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ikafurika na kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena mwezi Oktoba. Katika hali kama hiyo, anayegawa dawa kwa wastani wa miezi iliyopita anagawa kwa hesabu ya siku ambazo wageni walikuwa hawajafika.

Je, wajua kuwa kuna ugonjwa usiosubiri wastani?
Mei 2015 kipindupindu kililipuka Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kilichojaa wakimbizi. Kwa kipindupindu, mgonjwa mmoja aliyethibitishwa anatosha kupiga mbiu. Ukimgawa kwa wiki saba anakuwa sehemu ndogo ya mtu, na sehemu ndogo ya mtu haimwamshi yeyote usiku.

Je, wajua kuwa wastani unaweza kuzua mawimbi yasiyokuwepo?
Mwaka 1927 Eugen Slutsky, mtaalamu wa uchumi mjini Moscow, alichukua namba za bahati nasibu, akazipitisha kwenye jumla zinazosogea, na zikatoka zikipanda na kushuka kama vipindi vya neema na shida. Ukiona mawimbi kwenye chati iliyolainishwa, rudi kwanza kwenye namba mbichi.

Na ile 26?
Ni wastani wa wiki ya sita, umeshuka kutoka 30. Mkutano wa wilaya ungeweza kupiga makofi. Lakini ndani yake kuna 6, na haifanani na ndugu zake. Huenda malaria imepungua. Huenda vipimo vya haraka vya malaria (MRDT) viliisha Jumanne, au mvua ilikata barabara na taarifa imefika nusu. Kompyuta imegawa sawasawa, haina la kujibu. Anayejua ni mhudumu mwenye Kitabu cha 5 mezani, na simu ya dakika mbili kwake ni rahisi kuliko kuagiza dawa chache kwa sababu ya namba hiyo.