Presha, Jasho na Pumzi: Mashine ya Uongo Hupima Nini

Jumapili moja nilimsindikiza baba mdogo kilimani Nyanchwa, juu ya mji wa Kisii, palipokuwa na upimaji wa afya bila malipo. Muuguzi, binti wa umri wa mwanangu, alimfunga mkononi kile kitambaa cha presha, akakijaza upepo, na namba zikasoma 168 kwa 95. Mzee akashusha pumzi kama mtu aliyesomewa hukumu. "Tata, tulia kwanza," akasema yule binti, akamsogezea kiti kivulini na kumwuliza habari za ng'ombe na bei ya majani chai, kisha baada ya dakika kumi akapima tena: 138 kwa 84. Hiyo ya pili ndiyo aliyoiandika kitabuni, maana waganga wanajua kwamba mtu akimwona mpimaji tu, damu yake huweza kupanda pasipo maradhi.

Namba ile ya kwanza, aliyoitupa muuguzi, ndiyo aitafutayo mpimaji wa uongo. Chombo chake, ambacho wataalamu hukiita poligrafu, kimeundwa kwa kitambaa kile kile pamoja na vifaa vingine vichache visivyo na ajabu yoyote. Mirija miwili ya mpira yenye mikunjo huzungushwa kifuani na tumboni ili kufuatisha pumzi ipandavyo na ishukavyo. Vidoleni hubandikwa vibamba viwili vya chuma vipitishavyo umeme hafifu mno usiohisika, kwani kiganja kikitoka jasho, japo jasho lisiloonekana kwa macho, ngozi hupitisha umeme kwa wepesi zaidi. Na kitini huwekwa mto uwezao kumtambua ajitikisaye kwa hila. Zamani kalamu za wino zilichora habari hizi juu ya karatasi iendayo polepole, na leo huchorwa kwenye kioo cha kompyuta. Miongoni mwa mistari hiyo, hakuna hata mmoja uitwao uongo. Iliyopo ni mistari ya taharuki, yaani ya ule mfumo wa neva uamshao mwili wakati wa hatari bila kungoja idhini ya mwenyewe, na mfumo huo haubagui hofu ya mwizi na hofu ya mtu aliyesingiziwa.

Kwa hiyo mwenye kazi kubwa hapo ni mtahini. Kabla ya kufunga waya wowote, huzungumza na mtahiniwa kwa muda mrefu, aghalabu saa nzima au zaidi, akimsomea maswali yote ili asije akashtushwa na swali geni. Kisha huweza kumwambia achague karata na aikane, halafu humwonyesha jinsi chombo kilivyomfichua. Shabaha ni kumsadikisha kwamba hakidanganyiki. Hapo ndipo maswali yaanzapo, kila moja likitengwa na jingine kwa kimya cha nusu dakika hivi, na msururu wote hurudiwa mara tatu au zaidi. Tuseme fedha za ofisi zimepotea. Litakuwapo swali lisilo na uzito, "Je, leo ni Jumanne?"; litakuwapo la kulinganishia, "Je, kabla hujaajiriwa hapa, uliwahi kuchukua kitu kisicho chako?", na litakuwapo lenyewe, "Je, wewe ndiye uliyechukua zile fedha?" Dhana ya utaratibu huu, uliotangazwa na John Reid wa Chicago mwaka 1947, ni kwamba asiye na hatia atahangaishwa zaidi na lile la kulinganishia, na mwenye hatia na lile la fedha. Mimi dhana hii hainiingii akilini hata kidogo, maana mtu mwaminifu naye anajua vyema ni swali lipi litakalomnyang'anya kazi.

Chombo cha namna hii kilianza kutumiwa na polisi wa Berkeley, Marekani, mwaka 1921, mikononi mwa John Larson, aliyewapima wasichana wa bweni moja la chuo palipoibiwa mali. Mmoja wa hao, naye ndiye aliyeibiwa pete, baadaye akawa mkewe. Basi mwenye kutafsiri mapigo ya moyo yaliyochorwa siku ile na azingatie hilo. Mwaka 1923, katika kesi ya Frye, mahakama ya mjini Washington ilikataa kuupokea ushahidi wa kipimo cha jamii hiyo, kwa kuwa wanasayansi hawakuwa wamekikubali.

Wazee wetu hawakuwa na waya, ila hila yenyewe waliijua. Mmisionari Krapf, aliyekaa Rabai, karibu na Mombasa, katika karne ya 19, aliandika juu ya viapo vya Wamijikenda: shoka lililotiwa motoni hadi likawa jekundu, na mkate ambao, ikisadikiwa, humkwama kooni mwenye hatia. Mwenye hofu hukaukwa mate, na mkate mkavu haupiti koo kavu. Huku Gusii kulikuwa na emuma, kiapo kilichoogopwa kwa kuwa humwandama mwongo pamoja na ukoo wake, na nguvu yake, kama ile ya karata ya mtahini, imo katika kusadikiwa na aapaye. Wengi wanaonaswa na poligrafu hawanaswi na mistari, bali hukiri wenyewe katika mazungumzo ya mwisho, wakidhani kwamba yote yamekwisha kujulikana.

Tarehe 1 Juni 2018, katika sherehe za Madaraka mjini Meru, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba wakuu wa ununuzi na uhasibu serikalini watachunguzwa upya, kipimo hiki kikiwa mojawapo ya njia. Walioshangilia wangefaa kupiga hesabu iliyopigwa na wataalamu wa Baraza la Utafiti la Marekani katika ripoti yao ya mwaka 2003. Chukua watumishi 10,000 ambao 10 kati yao ni majasusi, na chombo kinachotenda kazi vizuri kuliko ushahidi uonyeshavyo, kilichotegwa kinase majasusi 8. Pamoja na hao 8 kitawanasa watu 1,598 wasio na kosa lolote, na majasusi wawili watarudi mezani kwao. Aldrich Ames, ofisa wa ujasusi wa Marekani aliyewauzia Warusi siri, alipimwa mwaka 1986 na tena 1991, akapita mara zote mbili. Nasaha aliyopewa na Warusi ilikuwa alale vizuri na amchangamkie mtahini.

Tukiteremka kuelekea mjini nilimwuliza baba mdogo kilichomtia hofu. Akacheka. Alikuwa amekatazwa chumvi, akachelea kwamba binti yule angemwuliza.

"Na kumbe uliila?"

"Asubuhi hii hii, kwa yai."

Muuguzi hakumwuliza, aliuliza habari za ng'ombe, na presha ikashuka, ilhali chumvi ingalimo tumboni.