Ubwiriunga hausubiri muhula

MWEZI Juni unapoingia Lupaso, wilayani Masasi, mikorosho huwa inatoa majani machanga na maua. Huo ndio wakati ambao mkulima huamka alfajiri, akabeba mashine ya kupulizia na kwenda shambani kurusha salfa kabla umande haujakauka.

Ukimuuliza kwa nini anakwenda alfajiri, mara nyingi atajibu kuwa ndivyo alivyoelekezwa. Ni wachache watakaokueleza kuwa saa hizo hewa imetulia, hivyo unga hupanda taratibu hadi juu ya mti badala ya kupeperushwa kwa jirani, na kwamba umande huusaidia kunata kwenye majani na maua.

Tofauti ya majibu hayo mawili inaweza kuonekana ndogo. Lakini anayejua sababu hatarusha salfa saa nne asubuhi upepo ukivuma, hata kama mashine ya kuazima imemfikia kwa kuchelewa. Asiyejua atairusha, na ataamini kuwa amekwisha kutibu shamba lake.

Kwa wengi nchini, Lupaso ni kijiji cha nyumbani kwa Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin Mkapa, aliyezikwa huko Julai 29, 2020. Kwa wanaoishi hapo, kama ilivyo kwa wenzao wa Newala juu ya uwanda wa Makonde, suala la kila mwaka ni korosho. Ada ya shule, bati la nyumba na mtaji wa genge hutoka humo.

Korosho imewahi kuwaangusha. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000, lakini kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi kiasi cha tani 16,000 hivi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei haikumvutia mkulima, na mashamba yakageuka msitu. Kisha mwishoni mwa muongo huo ukaingia ubwiriunga.

Ubwiriunga ni kuvu. Wapo wanaodhani ni vumbi, wengine husema ni ukungu wa baridi ya Juni na Julai, kwa sababu mti huonekana kama umemwagiwa majivu. Kuvu hii ni kiumbe hai kinachokula tishu changa za mkorosho, yaani majani yanayochipua, maua na vikorosho vidogo. Haiwezi kuishi kwenye jani lililokauka wala kwenye mti mfu. Mbegu zake ni ndogo mno, husafiri kwa upepo, na zinapotua kwenye ua changa huchukua siku chache tu kutoa mbegu nyingine.

Hapo ndipo somo la baiolojia linapogeuka kuwa fedha. Kama kuvu hii inahitaji jani changa lililo hai, je, huishi wapi kuanzia Desemba hadi Mei, wakati mikorosho mingi haina maua?

Jibu liko ndani ya shamba lenyewe. Hujificha kwenye maotea, yale machipukizi yanayoota katika shina na matawi ya ndani kwenye kivuli, hasa katika mikorosho iliyosongamana na isiyopogolewa. Anayekata maotea hayo kabla ya msimu wa maua, na kupunguza miti iliyobanana, huchelewesha ugonjwa kuanza. Kazi hiyo inahitaji panga na msumeno tu. Haihitaji salfa hata kijiko kimoja.

Kwa miaka mingi wakulima wamefundishwa kutumia robo kilo ya salfa kwa mti mmoja, kila baada ya siku 14, mara tano kwa msimu. Hiyo ni kilo moja na robo kwa mti. Mwenye miti 100 anahitaji kilo 125, sawa na mifuko mitano ya kilo 25. Tangu msimu wa 2021/22 serikali imekuwa ikigharimia pembejeo za korosho, jambo lililompunguzia mkulima mzigo mkubwa. Hata hivyo, kitu kinachotolewa bila malipo hurahisisha pia kumwaga bila kupima, na katika hilo elimu haijatembea kwa kasi ya mifuko.

Mahali pa kuitoa elimu hiyo papo. Masasi ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi na Newala ina cha kwake. Vyuo hivi, ambavyo wengi huviita FDC, vilianzishwa mwaka 1975 baada ya Mwalimu Julius Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden, ambako mtu mzima husoma bila kudaiwa cheti cha kumfungulia mlango. Leo viko 54 nchini, chini ya wizara yenye dhamana ya elimu. Useremala, uashi, ushonaji, umeme na kilimo ndiyo masomo yanayojulikana zaidi.

Katika miaka ya karibuni baiolojia nayo imeingia kwa mlango mwingine. Mpango wa Elimu Haina Mwisho, ambao shirika la Karibu Tanzania limeshirikiana na vyuo hivyo kuuendesha, umewarudisha darasani wasichana na akina mama vijana waliokatiza masomo. Husoma masomo ya sekondari pamoja na stadi za kazi.

Mama kijana wa aina hiyo akitoka kijiji kama Lupaso hukutana na kizuizi kisichotajwa sana. Mtihani wa baiolojia wa kidato cha nne hufanywa kwa Kiingereza. Katika mada ya uainishaji wa viumbe atakariri jina la Kiingereza la kuvu, sehemu zake na namna zinavyozaliana, na mfano atakaopewa huenda ukawa ule wa mkate uliooza. Nyumbani mama yake anahangaika na ubwiriunga. Asipotokea mwalimu wa kumwambia kuwa vitu hivyo viwili ni ndugu, atafaulu mtihani na shamba litabaki vilevile.

Kizuizi cha pili ni kalenda. Ubwiriunga haufuati muhula. Mwalimu anayefundisha kuvu mwezi Februari hana ua la kuonyesha. Ana maotea tu, na hayo yenyewe ni somo zuri kama atawatoa wanafunzi nje. Akirudi nao mti uleule Julai, wataona kilichotokea kwa mti uliopogolewa na kwa ule ulioachwa. Watafiti wa Naliendele, kituo kilicho nje kidogo ya mji wa Mtwara, pamoja na maofisa ugani wamekuwa wakitumia mashamba darasa kwa mtindo huo. Vyuo vyenye mikorosho hatua chache kutoka ubaoni havina sababu ya kushindwa.

Suala jingine linalowagharimu wakulima ni kuchanganya ugonjwa na mdudu. Salfa haimuui mbu wa mikorosho. Mdudu huyu hufyonza utomvu wa chipukizi na kuacha madoa meusi, kisha ncha hukauka kama iliyounguzwa na moto. Mwenzake, mbu wa minazi, hufyonza korosho changa nazo husinyaa au kubaki na mabaka, na korosho za namna hiyo ghalani hushushwa daraja. Mwenye duka la pembejeo anayempa kila mteja salfa bila kuuliza dalili anamuuzia mwenye mbu dawa ya kuvu. Mteja huyo mwakani hatarudi.

Mbaazi nazo zimo katika kesi hii. Wakulima wengi wa Masasi na Newala huzipanda katikati ya mikorosho ili kupata chakula na fedha za haraka, lakini mbaazi ni makazi mengine ya mbu huyo. Ni vyema zikapewa shamba lake.

Yupo pia askari asiyelipwa, naye ni majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota na kuuma vibaya. Kule Zanzibar, mtaalamu M. J. Way alionyesha tangu miaka ya 1950 jinsi wanavyoilinda minazi, hata jina la kisayansi la mbu wa minazi likatokana na lake. Tafiti za baadaye nchini zimethibitisha kuwa mikorosho yenye majimoto hushambuliwa kidogo na mbu. Pamoja na hayo, wakulima wengi huvichoma viota vyao kwa kuchoshwa na kuumwa wakati wa kuokota korosho. Anayepulizia dawa kali ya wadudu kila mahali naye huwamaliza hao pamoja na mbu, na mbu ndiye hutangulia kurudi.

Mazingira yana hesabu yake vilevile. Salfa inayoanguka chini hugeuzwa na bakteria wa udongoni kuwa tindikali. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga, hauna nguvu ya kuizuia, na utafiti wa miaka ya 1990 kusini mwa nchi ulibaini kuwa tindikali huongezeka chini ya mikorosho inayopuliziwa. Muhogo, karanga na njugu zinazopandwa hapo hukuta udongo uliobadilika. Kupima udongo na kutumia chokaa panapohitajika ni mambo ambayo chuo kinaweza kuyafundisha kwa vifaa vichache.

Kuna na adui ambaye salfa haimgusi kabisa. Mnyauko fusari uligunduliwa mwaka 2012 katika kijiji cha Magawa, wilayani Mkuranga, na baadaye ukaripotiwa katika maeneo mengine ya korosho. Nao ni kuvu, ila hukaa ardhini na kuingilia mizizi. Majani hugeuka manjano, hukauka, na mti mzima hufa. Unaweza kusafiri katika udongo ulioganda kwenye jembe, au katika kiriba cha mche.

Wafanyabiashara wadogo wanaonunua miche njiani na kuiuza vijijini wanahusika moja kwa moja. Kabla ya kupakia, waulize udongo uliojazwa kwenye viriba ulichimbwa wapi. Kama ulitoka chini ya mikorosho inayokauka, miche hiyo ibaki hapohapo kitaluni.