Umeme Unaousaidia Ubongo Kuhifadhi

Mgonjwa ameegemea mito kitandani. Kichwa chake kimefungwa bendeji, na nyuma ya bendeji hiyo unaning'inia mkia wa nyaya unaokwenda hadi kwenye kompyuta. Kwenye skrini iliyo mbele yake inatokea picha, inakaa kidogo, inapotea. Anasubiri. Kisha zinatokea picha kadhaa kwa mpigo, naye anatakiwa aionyeshe ile aliyoiona mwanzo. Akimaliza inaletwa nyingine, na nyingine tena, mpaka macho yachoke.

Nyaya hizo hakuwekewa kwa ajili ya mchezo huo. Ana kifafa kisichosikia dawa, na madaktari wa upasuaji wamepenyeza elektrodi ubongoni mwake ili wajue degedege huanzia wapi, na kama sehemu hiyo inaweza kukatwa bila kumdhuru. Atalazwa siku kadhaa, pengine wiki mbili, akingoja kifafa kimpande huku mashine zikirekodi. Ni katika kungoja huko ndipo watafiti humwomba awasaidie, naye akiridhia, kazi inaanza. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu vipandikizi vya kumbukumbu kwa binadamu imetoka kwa watu wa namna hii. Huwa inaniuma nikiona habari zinataja wanasayansi na mitambo yao, lakini waliolala kitandani hawatajwi.

Mwaka 2018 timu ya Robert Hampson wa Wake Forest, Carolina ya Kaskazini, pamoja na Theodore Berger na Dong Song wa University of Southern California, ilichapisha matokeo yaliyozunguka dunia. Wagonjwa walipopewa msukumo wa umeme uliotengenezwa na kompyuta, uwezo wao wa kukumbuka picha kwa muda mfupi ulipanda kwa asilimia 37. Kwenye jaribio la kukumbuka kwa muda mrefu zaidi, ulipanda kwa asilimia 35.

Ili tuelewe umeme huo ulifanya nini, turudi nyuma hadi mwaka 1953, mjini Hartford, Marekani. Kijana wa miaka 27, Henry Molaison, naye akisumbuliwa na kifafa, alifanyiwa upasuaji na Dkt. William Scoville na kuondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Hipokampasi ni kipande cha ubongo kilichojikunja ndani kabisa, usawa wa sikio, kimoja kila upande, na jina lake limetokana na farasi-bahari kwa sababu wanafanana umbo. Kifafa kilipungua. Lakini kuanzia siku ile Molaison hakuweza tena kuweka akilini mambo mapya yaliyompata. Mengi ya utotoni aliyajua, lugha hakuisahau, akili zake zilikuwa timamu. Ila mtu aliyezungumza naye akitoka chumbani na kurudi baada ya muda mfupi, kwake alikuwa mgeni.

Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, ambamo kila mstari huenda kinyume. Mwanzoni kalamu ilipotea njia. Siku ya tatu aliichora vizuri, na akashangaa jinsi kazi ile ilivyokuwa rahisi, kwa sababu hakukumbuka kuwahi kuifanya. Mkono ulikuwa umejifunza, mwenyewe hana habari. Molaison alifariki mwaka 2008, na hadi leo hakuna mtu mmoja aliyetufundisha mengi kuhusu kumbukumbu kuliko yeye.

Kwa hiyo hipokampasi hulipokea jambo linapoingia na kulifunga vizuri, ili lipate kuhifadhiwa. Mtoto wa madrasa anayerudia aya hadi imkae moyoni anaitegemea kila dakika. Ndani yake kundi moja la seli za neva hurusha vijishtuko vya umeme, na kundi la pili huvipokea na kuvijibu. Timu ya Hampson ilirekodi mazungumzo hayo, ikazitenga nyakati ambazo mgonjwa alijibu sawasawa, kisha ikaifundisha kompyuta: kundi la kwanza likisema hivi, la pili hujibu vile. Baadaye, picha mpya zilipoonyeshwa, kompyuta ililisoma kundi la kwanza na kulipelekea la pili umeme kwa mpangilio wa jibu zuri. Kwenye kompyuta hamna sura ya mama wala jina la rafiki. Mna mpangilio wa midundo tu, nao iliwabidi wauandae upya kwa kila mgonjwa.

Mpangilio ndio kila kitu. Mwaka 2016 Joshua Jacobs wa Columbia na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 49 waliopewa umeme kwenye hipokampasi na jirani yake bila kufuata midundo ya ubongo wenyewe, na kumbukumbu zao zilishuka. Mpiga dumbak wa taarab hahitaji kuelezwa sana jambo hili: mkono uleule, nguvu ileile, lakini pigo likiangukia pasipo pake, wimbo unaharibika. Kikundi cha Michael Kahana huko Pennsylvania kilijifunza kutokana na hilo. Kompyuta yao huutazama ubongo na kutuma umeme pale tu inapoona ubongo unaelekea kushindwa kuhifadhi. Kwa wagonjwa 25, maneno yaliyokumbukwa yaliongezeka kwa asilimia 15. Kazi hiyo na ile ya Hampson, zote za mwaka 2018, zilipata fedha za DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, uliokuwa ukiwafikiria askari walioumia vichwa.

Ndugu wa wazee wanaosahau huniuliza, "Daktari, si mumwekee mzee hicho kidude, atukumbuke majina?" Swali hilo nalipokea kwa uzito wote, na jibu langu ni hapana, bado. Sababu yangu inaanzia Toronto, ambako mwanamume wa miaka 50 mwenye kilo 190 aliwekewa elektrodi ubongoni ili kupunguza hamu ya kula. Umeme ulipowashwa, ghafla alijiona yuko bustanini na marafiki, kijana wa miaka kama 20, mpenzi wake wa enzi zile akiwepo. Volti zilipoongezwa, taswira ilizidi kung'aa. Taarifa yake ilitoka mwaka 2008, ikawasha matumaini makubwa. Ndipo wagonjwa 42 wenye Alzheimer ya hatua za mwanzo wakapandikizwa vifaa, nusu vikawashwa na nusu vikaachwa vimezimwa kwa mwaka mzima. Kwa jumla, makundi hayo mawili hayakutofautiana. Alzheimer huziua seli zenyewe, na kifaa cha kusaidia mazungumzo kinahitaji seli zilizo hai za kuzungumza.

Wanafunzi nao huulizia kwa ajili ya mitihani. Kutoboa fuvu la mtu mzima wa afya kuna hatari ya damu kuvuja ubongoni na ya maambukizi, na mimi nisingemfanyia mtoto wa mtu jambo hilo kwa sababu ya alama.

Wale wa kifafa wamekubali hatari hiyo kwa sababu ugonjwa umewabana. Madaktari wakishapata walichokuwa wakikitafuta, nyaya hutolewa moja moja, matundu yanashonwa, mgonjwa anarudi nyumbani. Mpangilio wa midundo yake unabaki kwenye kompyuta ya watafiti. Yeye ile asilimia 37 haondoki nayo.