Mafuriko ya Ifakara huanzia milimani

Jua linaweza kuwaka Ifakara, nguo zimeanikwa uani, na huku maji ya mafuriko yako njiani. Mto Lumemo, unaopita kandoni mwa mji, unatoka Milima ya Udzungwa, ambako kilele cha Luhombero kina mita 2,576 juu ya usawa wa bahari. Ifakara iko kwenye mita 250 hivi. Mvua kubwa ikipiga huko juu, maji huporomoka na mchanga na magogo. Yakifika tambarare, kasi hupungua, mchanga hutuama, mto hupoteza kina na maji hutafuta njia mitaani.

Mto mkuu wa bonde, Kilombero, una tabia nyingine. Huo hupanda taratibu, kwa siku na wiki, kisha huchelewa kushuka. Kwa hiyo mkazi wa bonde anahitaji maandalizi ya aina mbili: kuhama haraka, na kuishi salama maji yanapokaa.

Tusilichukulie jambo hili kama desturi ya masika. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu huo zimeua watu 155 nchini na kuathiri zaidi ya 200,000.

Fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa: rangi ya njano ni angalizo, ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Utabiri wa mvua ya Udzungwa unakuhusu hata kama kwako ni kukavu. Ukiona maji ya mto yamegeuka ghafla kuwa ya tope, yanabeba majani na vijiti, au ukisikia mngurumo kutoka juu, ondoka. Usivuke kwa miguu wala kwa bodaboda: maji ya sentimita 15 tu yanayokwenda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ukihitaji uokoaji, piga 114, Jeshi la Zimamoto.

Walio hatarini zaidi ni familia zilizohamia mashambani kuulinda mpunga. Dungu huinua watu juu ya maji, lakini halifai kuwa kimbilio la mwisho; nguzo zake zinaweza kung'olewa. Chomeka mti wenye alama ukingoni, uusome asubuhi na jioni. Maji yakipanda alama hadi alama, watoto, wajawazito na wazee watangulie kuhama.

Maji yakishatulia, huja maradhi. Vyoo vilivyofurika huchafua visima, na kipindupindu hufuata. Dalili yake ni kuharisha mfululizo choo kama maji ya mchele. Chemsha maji ya kunywa au yatibu kwa klorini. Mgonjwa aanze mara moja kunywa maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, huku akipelekwa kituo cha afya. Madimbwi nayo huzaa mbu, na yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki mbili. Chandarua kihame pamoja na watu. Homa yoyote ipimwe malaria.

Kabla ya masika, kila kaya ikubaliane mambo matatu: tutakimbilia wapi, kwa njia ipi, na nani atamshika nani mkono. Usiku wa maji hauna nafasi ya kikao.